Mwaka wa Kumsomea Mama Mashairi

Mama alipotoka hospitali baada ya kupata kiharusi, alikuwa amebakiwa na neno moja tu: "hapo". Akitaka maji, alisema "hapo hapo". Akitaka kugeuzwa kitandani, "hapo hapo". Akikasirika kwa sababu hatujamwelewa, neno lilikuwa lilelile, ila sasa lilitoka kwa sauti ya juu, na machozi yakafuata. Huyu ndiye mama aliyekuwa akiwaita mbuzi wake mpaka anasikika ng'ambo ya reli.

Kwetu ni Korogwe, kwenye mtaa wa watu ambao babu zao waliletwa kukata mkonge. Marehemu baba alikuwa mjukuu wa mmoja wao. Mama yeye ni Msambaa wa Dindira, alishuka milimani kuja kuolewa. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni fundi cherehani, ndiye anayekaa naye. Mimi kazi yangu iko Misima, wilaya ya Handeni. Watu huniita bibi shamba: nazunguka kwa pikipiki kuwaonyesha wakulima jinsi ya kupambana na viwavijeshi na kuhifadhi mahindi. Nyumbani nilikuwa narudi Jumamosi na Jumapili.

Daktari wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye mikono ya nguvu, alituita mimi na mdogo wangu pembeni.

"Mwongelesheni kila siku," alisema. "Na mpeni maneno yenye mapigo. Mwimbieni."

"Mimi siwezi kuimba, daktari. Shuleni niliambiwa niwe nafumbua mdomo tu, nisitoe sauti."

Alicheka. "Basi msomee mashairi. Lakini usiruke siku. Chukua mwaka mzima."

Nilikuwa na kitabu kinene cha mashairi tangu nikiwa sekondari, hakina jalada, kurasa zimepinda kwa unyevu. Nilikichukua kwa sababu sikuwa na kingine. Jioni ile nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda nikasoma shairi la kwanza kama ninavyosoma maelekezo ya dawa ya kupulizia mahindi. Mama aliangalia ukuta. Nilipomaliza, alisema, "Hapo," akafumba macho. Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo.

Siku za kazi nilisoma kwa simu. Pale Misima nilipopanga chumba mtandao unasumbua, kwa hiyo kila jioni nilipanda na pikipiki mpaka kwenye kilima kilicho juu ya barabara, nikasimama hapo na kitabu mkononi. Mdogo wangu aliweka simu sikioni kwa mama. Wakulima waliokuwa wanarudi kutoka mashambani walisimama na baiskeli zao kunisikiliza. Mzee mmoja alisubiri mpaka nimalize.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bibi shamba, umeanza kuhubiri?"

Nikamweleza habari za mama. Alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akasema, "Basi kesho soma taratibu. Unakimbia mno. Hata sisi wazima hatukupati."

Yalipita majuma mengi bila mabadiliko. Halafu jioni moja, nikiwa kilimani, mdogo wangu alinikatiza.

"Dada, subiri. Hebu rudia huo ubeti."

Niliurudia.

"Mama anagonga kitanda kwa kidole. Ukisoma vizuri anagonga sawasawa. Ukiharakisha anaacha, ananikodolea macho mimi kama ndiye niliyekosea."

Tangu siku hiyo mama akawa ndiye mwalimu wangu. Sikuwahi kuelewa mizani ni kitu gani. Shuleni nilihesabu silabi kwa ajili ya mtihani, basi. Sasa nilizisikia zikigonga kwenye mbao za kitanda, nane, zikapumua, kisha nane nyingine. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umepooza, lakini kidole cha kushoto hakikukosea. Mtu asiyeweza kutamka jina la binti yake alikuwa anajua nilipodondosha silabi moja, tena kupitia simu, kutoka wilaya nyingine. Nilijifunza kughani. Sauti yangu ni mbaya hadi leo, ila ilianza kutembea.

Masika ilipoanza, barabara ya Handeni ikawa tope, na Jumamosi moja nilifika Korogwe nimelowa mpaka mifupani. Nilibadilisha nguo nikakaa kwenye kigoda. Shairi la siku hiyo lilikuwa la mkulima anayeiomba mvua isiondoke mapema, na kila ubeti uliishia kwa kibwagizo kilekile. Nilighani ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikalazimika kupandisha sauti. Nilipofika mwisho wa ubeti wa nne nilikohoa, nikanyamaza kabla ya kibwagizo.

Mama akakisema yeye.

Alikisema chote, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, kwa ile sauti yake ya zamani, nzito kidogo, yenye matamshi ya milimani. Hakukwama popote. Mdogo wangu aliinuka kwenye cherehani, uzi ukiwa bado mdomoni. Nilihisi kama kuna mtu ameingia chumbani, ambaye sote tulikuwa tumeshamlilia.

"Mama!" Mdogo wangu alipiga magoti. "Mama, sema maji. Sema tu, maji."

Mama alimtazama. Midomo ilihangaika. "Hapo," alisema. "Hapo hapo." Akaanza kulia, nasi tukalia naye, lakini hakikuwa tena kile kilio cha mwanzo.

Tulimweleza daktari wa mazoezi. Hakushangaa kama sisi. Alituambia kwamba maneno ya mazungumzo na maneno ya wimbo hayapiti njia moja kichwani. Njia moja ikiharibika, nyingine inaweza kubaki. Alieleza kwa dakika chache, akaendelea kumnyoosha mama mguu. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Kwa miaka yote niliyoishi na watu nilidhani kusema ni kusema tu. Kumbe ndani ya kichwa cha mama, chini ya kile kilemba chake, kulikuwa na barabara ambayo hakuna aliyeijua, na haikuwa imekatika.

Wazo lililofuata lilikuwa la mdogo wangu. "Kama anaweza ya kitabuni," alisema, "tumtungie ya nyumbani."

Siku ya pili yake tulikaa chini tukatunga kama watoto wa shule, tunahesabu kwa vidole, tunafuta. Tulipata "Nipe maji nina kiu". Tulipata "Chai yangu iko wapi". Tuliyaingiza katika beti, tukampa mama kama vibwagizo, tukirudia na kurudia. Kila siku shairi la kitabuni, na baada yake ubeti mmoja wa kwetu. Ilichukua muda. Mara nyingine alisema nusu, mara nyingine alitugeuzia mgongo kabisa.

Asubuhi moja, wakati wa baridi, nikiwa Misima najiandaa kwenda shambani, mdogo wangu alinipigia. Hakunisalimia. Alisogeza simu tu, nikasikia mama akighani, polepole, kila silabi mahali pake: "Nipe maji nina kiu." Kisha nikasikia maji yanamiminwa kwenye kikombe. Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi na kofia ya pikipiki kichwani, nikasikiliza mtu akinywa maji.

Nyumba yetu ikabadilika. Jirani akipita barazani mama alimwimbia chai yake iko wapi, na jirani, badala ya kushangaa, alijibu kwa mapigo yaleyale kwamba anaileta. Mtaa mzima ulizoea. Kule Misima nako wakulima waliniuliza habari za mama kabla ya habari za mbolea. Kitabu changu kilipokwisha, walimu wa shule ya jirani waliniazima vyao.

Karibu na mwisho wa mwaka mjomba, mdogo wake mama aliyebaki Dindira, alituma ujumbe kwamba anataka kumwona dada yake. Tulikodi gari, tukapanda na mama hadi huko. Tulifika jioni amechoka, akalala mapema. Asubuhi tulimtoa nje akiegemea mabega yetu. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mashamba ya chai yalianzia hatua chache mbele yetu, lakini hatukuona hata mche mmoja. Akiwa msichana mama aliwahi kuchuma chai kwenye mteremko huo.

Mjomba alikuja na kiti. "Kaa, dada."

Mama hakukaa. Alisimama akinyoosha uso, ukungu ukimpita mashavuni. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu, natafuta shairi la siku. Ndipo aliposema, kwa mapigo, bila kutazama mtu:

"Ukungu umenijua."

Nilimgeukia mdogo wangu. Alitikisa kichwa, hakuwa amemfundisha. Wala mimi. Kwenye kitabu haumo mstari kama huo, na kwenye vitabu vya walimu sikuuona. Aliutoa mwenyewe.

"Nani kamfundisha hayo?" mjomba aliuliza kwa sauti ndogo.

Nilifunga kitabu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, sikumsomea mama kitu chochote.

Leo mama anaongea kidogo, sentensi fupi, nyingi zikiwa na mapigo, na jina langu bado humponyoka. Lakini asubuhi ile tulisimama wanne, mjomba akiwa bado ameshikilia mgongo wa kiti, mpaka ukungu ulipoanza kuinuka na safu za chai zikajitokeza moja baada ya nyingine, zimelowa, kijani kibichi, kuteremka hadi bondeni.