Ukurasa wa Nambari Kumi na Moja

"Saba hana kushoto! Msukume kushoto!"

Maneno hayo yalipazwa na msichana nisiyemjua, katika dakika za mwanzo za mchezo ambao ungeamua kama timu yetu ingefuzu kwenda mashindano ya kitaifa. Niliyatambua papo hapo, jinsi mtu anavyolitambua shuka lake likiwa limeanikwa kwenye kamba ya jirani. Yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nimeyaandika kwa wino mweusi katika daftari ambalo watu wawili tu walikuwa wamelifungua: mimi na kocha wetu. Na kocha wetu, mchana ule, alikuwa ameketi kwenye benchi la wapinzani.

Nitaeleza kwa mpangilio. Tangu siku ile sijaaminika sana katika mambo mengine, lakini mpangilio bado naumudu.

Nilijiunga na timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya chuo chetu, Kitui, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wote, nao wakaniita Masters, jina lililokuwa na heshima kidogo na dhihaka nyingi. Nilivaa nambari tisa. Sikuwa mchezaji mzuri. Nilikuwa mchezaji anayekumbuka. Baada ya mazoezi ningeweza kueleza nani alipoteza mpira, mara ngapi, na alikuwa akitazama wapi alipoupoteza.

Kocha aliligundua hilo mapema. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyekuja kila jioni na dumu la maji amelifunga nyuma ya pikipiki yake. Hakuwahi kutufokea. Wanafunzi wa vyuo vingine walituambia makocha wao huwatukana hadi walie. Sisi tulijivuna kwamba wetu alisema "pole, binti" hata tulipokosa kikapu kilichokuwa wazi. Tulimwita Mwalimu.

Katikati ya msimu aliniita kando. "Wewe ni mtu wa utafiti," aliniambia. "Niandikie ukweli kuhusu kila mchezaji. Si wa uwanjani tu. Mimi ni mwanamume, hosteli siingii, kuna mambo sitayajua. Lakini daktari hawezi kutibu asichoambiwa."

Nimeitafakari sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi kuliko nilivyoitafakari nadharia yoyote ya tasnifu yangu. Nimejiuliza kama tayari alikuwa amekwishaamua kuondoka aliponiambia vile, au kama wazo lilimjia baadaye, alipoona jinsi nilivyoandika vizuri. La pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa hiyo huwa nadhani ndilo la kweli.

Kila mchezaji nilimpa ukurasa, kwa nambari ya jezi yake. Saba alikulia mji mdogo wa Salama, kando ya barabara kuu, akiwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchemsha. Mkono wa kushoto ulishika beseni miaka yote hiyo, wa kulia ndio uliofanya kazi. Nikaandika: "Saba hana kushoto." Nahodha wetu, nambari tano, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa mifugo huko Mwingi, na katika Ramadhani alifunga na kufanya mazoezi siku hiyo hiyo, akiwa na fulana ya mikono mirefu na hijabu juu. Nikaandika: "Tano huchoka robo ya tatu, ila hakubali." Nilikuwa sahihi katika yote. Sitaki kujificha nyuma ya unyenyekevu katika jambo hilo.

Kisha kulikuwa na Kumi na Moja.

Kumi na Moja alikuwa mdogo wetu, mwaka wa kwanza, mwenye mtupo safi kuliko sote. Siku moja, tukifua nguo nyuma ya hosteli, msimamizi wa bweni alimfokea kwa sababu ya maji yaliyomwagika, naye akaanza kulia kwa namna iliyonishtua: bila sauti, mikono ikiendelea kukamua nguo. Msimamizi alipoondoka, aliniambia sababu. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akimfokea mama yao kila jioni, hadi majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri. Mama alikuwa akiwatoa watoto nje, nao wakisimama shambani wakingoja kelele ziishe. "Sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Masters, usiseme." Nikasema sitasema.

Na sikusema. Niliandika.

Wiki moja kabla ya mchezo wa kufuzu, Mwalimu aliliomba daftari alisome mwishoni mwa juma. Jumatatu hakuja mazoezini, wala Jumanne. Jumatano alimtumia nahodha ujumbe: ana shughuli, tuendelee wenyewe, tutakutana huko. Mchezo ulikuwa Makueni, katika chuo cha wapinzani wetu. Tulipofika, tulimwona amevaa suti ya michezo ya kijani kibichi, rangi yao, akigawa chupa za maji kwa wasichana tusiowajua. Kwa usahihi wote, hakuwa amesema uongo. Tulikutana huko.

"Labda amewasaidia tu kwa leo," mmoja wetu alisema.

"Amewasaidia na suti yao?" nahodha akajibu. "Vaeni viatu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Na Saba aliposukumwa kushoto mara ya kwanza, mara ya pili, akapoteza mpira mara zote mbili, mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kuutazama mpira. Nilikuwa nikihesabu kurasa. Wa Saba umetoka. Wa Tano utatoka. Nilitamani tufungwe haraka, kwa tofauti kubwa, ili wasiwe na haja ya kufika ukurasa wa Kumi na Moja.

Walifika. Kumi na Moja alikuwa ametufungia vikapu vitatu mfululizo, na mashabiki wachache tuliokuja nao walikuwa wamesimama. Mlinzi wao, msichana mrefu mwenye sauti kama ya mnada, alimsogelea hadi vifua vikagusana.

"We! Unaangalia nini? Nimekuuliza unaangalia nini!"

Kumi na Moja akarudi nyuma hatua moja.

"Mfokee tu!" mwenzake akapaza sauti kutoka benchi. "Huyo akifokewa analia!"

Wakacheka. Mwalimu hakucheka, niliangalia. Alikuwa akiutazama ubao wa pointi kwa umakini wa mtu asiyetaka kukutana na macho ya mtu. Kumi na Moja alipokea pasi iliyofuata, mpira ukamponyoka mkononi, na nikaona kidevu chake kikitetemeka.

Wakati wa mapumziko tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko la chuo. Harufu ya kabichi ilitoka dirishani.

"Hawa watu wamelala kwetu ama?" Saba aliuliza. "Wanajua kila kitu."

"Si Mwalimu amekaa pale," mwingine akasema.

"Mwalimu hajui huyu hulia." Nahodha alizungumza polepole, akimwelekeza Kumi na Moja kwa kidevu. "Angejuaje? Hajawahi kumfokea mtu. Hilo ni jambo la hosteli." Akatuangalia mmoja mmoja. "Mimi wananiambia nachoka robo ya tatu. Robo ya tatu haijafika, na walahi sijachoka. Kila mtu hapa amesemwa." Macho yake yakafika kwangu, yakatulia. "Isipokuwa Tisa. Masters, mbona wewe hawakusemi?"

Sikuwa nimeliona hilo. Mimi ninayeona kila kitu, sikuwa nimeona kwamba nilicheza nusu nzima bila mtu kunisukuma upande wowote.

"Niliandika mimi," nikasema. "Mwalimu aliniomba. Nilidhani ni ya kutusaidia."

Kumi na Moja alikuwa akifunga kamba za kiatu. Hakuinua kichwa.

"Uliandika nini?" nahodha aliuliza.

"Kila kitu."

"Na wewe mwenyewe ulijiandikaje?"

"Sikujiandika."

Saba akacheka, cheko fupi la puani. "Aiya! Kumbe ndiyo masters hiyo. Unasomea watu."

"Tutaongea baadaye," nahodha akasema, akasimama. "Saa hii tuko na mchezo. Saba, wakikusukuma kushoto, nipe mpira mapema. Na wewe mdogo wangu..." Akachuchumaa mbele ya Kumi na Moja na kumshika magoti. "Ukitaka kulia, lia. Nani amesema mtu hawezi kufunga akilia?"

Ndivyo alivyofanya. Sijui niieleze vipi nusu ile ya pili bila kuitia chumvi, na ninaogopa chumvi. Walimfokea tangu kipenga cha kwanza, naye alilia tangu kipenga cha kwanza, machozi yakimtiririka hadi kwenye fulana, akatupa, akafunga, akafuta uso kwa bega, akarudi kukaba. Yule mrefu mwenye sauti ya mnada alichoka kufoka kabla yeye hajachoka kulia. Hatukutosha hata hivyo. Tulishindwa kwa vikapu viwili, na safari ya kitaifa ikawa yao.

Katika mstari wa kupeana mikono, Mwalimu aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Usinichukie, binti. Huku wamenipa mkataba. Kule nilikuwa mtu wa kuitwa tu." Akashusha sauti. "Lakini ile kazi yako ni safi. Sijawahi kuona mtu anayeandika hivyo. Ukimaliza masomo, nitafute."

Nami nikasema, "Asante, Mwalimu."

Ulimi ulitangulia, kwa mazoea ya msimu mzima. Kumi na Moja alikuwa nyuma yangu mstarini. Alisikia.

Tulirudi Kitui, mitihani ikaja, chuo kikafungwa. Yale mazungumzo ya baadaye hayakufanyika. Hadi siku ya kufunga, nahodha alinisalimia kila asubuhi kwa adabu kamili, akiniuliza habari za tasnifu. Saba alinipa pasi mazoezini pale tu ambapo hakuna mwingine. Walikuwa wakinyamaza nikiingia chumbani, si kwa chuki. Walinyamaza kama watu wanavyoinua miguu fagio likipita. Kumi na Moja, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, aliomba kuhamia chumba kingine, na akahama wakati niko maktaba. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi. Hakuujibu.

Baada ya wiki mbili za likizo nilikwenda kwao, milima ya Mbooni. Najua kwamba kumfuata mtu nyumbani kwake bila kualikwa ni kumlazimisha awe mkarimu. Nililijua hilo nikiwa njiani, nikalichambua kwa pande zake zote, na bado nikaenda. Bodaboda ilinifikisha penye duka la mwisho. Kilichobaki nilikipanda kwa miguu, njia nyembamba kati ya matuta ya maharagwe, hewa ikiwa baridi kuliko nilivyovalia.

Mama yake alinipokea kwa mikono yenye udongo.

"Ni wewe ule anasoma masters?" Akaniangalia juu hadi chini, akafurahi. "Huyu alikuwa akikusema kila akipiga simu! Masters amenifunza hivi, Masters amesema vile. Kaa, mama, kaa. Umekuja na miguu njia yote hiyo!"

Kumi na Moja alitoka jikoni akiwa na birika. Alinisalimia. Akamimina chai, akanipa kikombe kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko, kama mgeni anavyostahili.

"Si ndiye huyu rafiki yako?" mama akamuuliza.

"Ni mtu wa timu, Mwaitu," akajibu, akimwita mama yake kwa Kikamba.

Mama hakusikia kitu katika jibu lile, au alisikia na akaamua kunikatia parachichi. Alizungumza karibu peke yake kwa saa nzima: mahindi, paa la jiko, jinsi binti yake alivyorudi amekonda. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini sana. Kila aliposema neno nililazimika kuinama mbele kidogo, na kila nilipoinama nilijua ni kwa nini sauti ile ilikuwa chini, na nilijua kwamba sikustahili kujua.

Nilipoaga alinifungia maparachichi katika mfuko. "Msindikize mgeni," akamwambia binti yake. "Mpaka barabarani. Usimwache njiani."

Tukashuka, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa nimeyapanga kwa vifungu, sababu kabla ya ombi la msamaha, ombi kabla ya ahadi, na sasa kila kifungu kilionekana kama ukurasa mwingine. Nikasema tu, "Nisamehe."

Aliendelea kushuka bila kugeuka.

"Uliandika kwamba ninalia. Sawa. Hata wangeniona tu, wangejua." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nataka kujua kitu kimoja. Uliandika ni kwa nini ninalia?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angeweza kunisuta. Daftari lilibaki kwa Mwalimu na halitarudi.

"Neno moja," nikasema.

"Neno gani?"

"'Nyumbani.'"

Akasimama. Aligeuka, akatazama juu tulikotoka. Mama yake alikuwa bado amesimama mlangoni, mdogo kwa umbali, akatupungia mkono. Kumi na Moja akampungia pia. Kisha akanishika kiwiko, kwa upole kabisa, akanitembeza hadi njia ilipopinda nyuma ya mgomba, nyumba isionekane tena.

"Hapa haoni," akasema, akakiachia kiwiko. "Barabara ni hiyo. Nenda."

Nilisikia hatua zake nyuma ya mgomba, kisha sikuzisikia. Hakuwa akipanda. Alikuwa amesimama mahali fulani njiani, akingoja upite muda wa kutosha kumfikisha mgeni barabarani, ili mama yake asiulize.