Vigingi Vinne Nyuma ya Jiko

Baba alijichagulia kaburi miaka mitatu kabla ya kulihitaji. Makaburi ya kanisa hakuyataka. Alisimama hatua kumi kutoka mlango wa jiko, hapa hapa Kalenga, akachoma fimbo ardhini. "Mtanizika hapa. Tuone nani atauza kiwanja chenye baba yake ndani."

Hakuuza mtu. Mzee alikuwa anatujua: kaka yangu mmoja angeuza anunue pikipiki, wa pili angeuza ili aone tu kama inawezekana. Ila kaburi linataka mtu. Lifagiliwe kila Jumamosi, lipakwe chokaa, mbuzi wafukuzwe. Baada ya matanga kaka zangu wote wawili walirudi kazini Mgololo. Wakiwa tayari wamepanda gari, mmoja akanipungia mkono dirishani: "Wewe si unapenda nyumbani?"

Ni kweli napenda. Nikiwa bweni, kidato cha pili, nilikililia kitanda changu cha nyumbani mpaka mwalimu akaniuliza kama nimefiwa. Lakini kupenda kukaa ni jambo moja, kutoweza kuondoka ni jingine. Mke wangu alichoka kuishi na mkwe asiyeondoka hata akiwa chini ya saruji. Yuko kwao Njombe, na kunenepa amenenepa. Mimi, tangu msiba ule, nimelala nje ya hapa mara moja tu, Uyole kule Mbeya, kwa binti yetu wa pekee alipojifungua. Redio ikasema huku Iringa mvua kubwa. Nikaliwaza tope juu ya mzee, kesho yake nikapanda basi. Mkwe wangu mpaka leo anadhani sikukipenda chakula.

Mwezi uliopita binti akaja kunitembelea. Nikamshika mkono mpaka nyuma ya jiko, kwa maringo ya mtu anayeonyesha gari jipya. Kando ya kaburi la baba nilikuwa nimepiga vigingi vinne vya mti wa mlingoti na kuvizungushia kamba.

"Baba, unataka kufuga nini hapa?"

"Najifuga mwenyewe."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaitazama ile kamba upya. Nikamweleza: mimi nitalala hapa, na ile nafasi inayobaki karibu na mparachichi ni yake, akipenda.

"Yaani nina duka la mbegu, nina mtoto anaanza chekechea, wewe umeshanipimia kaburi?"

"Si lazima uingie leo."

"Na wewe atakufagilia nani?"

"Si upo?"

Nikajisikia nikisema. Ilikuwa sauti ya baba kabisa, hata kile kikohozi alichozoea kumalizia maneno nilikitoa.

Binti akageuka. Alichukua ufagio ulioegemea ukuta wa jiko, akaanza kumfagilia babu yake. Alianzia kichwani, akashuka taratibu, akainua jani lililokwama kwenye ufa. Alifagia vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwona akiwa na umri wangu, ameinama pale pale, duka limefungwa, basi la Mbeya linapita bila yeye.

"Acha, mama," nikamwambia. "Lete huo ufagio."

"Si ulisema nipo?"

"Lete."

Tulipokaa kunywa chai nikamwambia anizike kule kilimani, kwenye makaburi ya kanisa, pamoja na watu wengine. Kule zamu ya kufagia ni ya jumuiya nzima. Kiwanja akipande, akiuze, akisahau, shauri yake.

"Na babu je?"

"Babu ni wangu. Nikiondoka atazoea mbuzi."

Akamalizia chai yake. Halafu akanitazama kwa jicho la mama yake, lile la kuchokoza.

"Baba, mpaka kilimani? Wewe hata harusi ya ng'ambo ya mto unasema ni mbali."

"Siku hiyo mtanibeba."

Aliondoka kesho yake asubuhi. Nilimsindikiza mpaka pale barabara inapopinda, ambako ndiko mwisho wa safari zangu nyingi, nikarudi. Niling'oa vigingi vyote vinne, nikavichochea kwenye moto wa maji ya kuoga. Vilikuwa vibichi, vikajaza jiko moshi, nikatoka nje machozi yananitiririka.

Nilipoweza kuona tena nikachukua ufagio. Ilikuwa Jumamosi, na mzee hapendi majani.