Kunde Zilizotaka Jua

Wiki iliyopita, pale Kilole, niliona magugu meupe pee kwenye shamba la mahindi, moyo ukanilipuka paa. Ghafla nikajiona mtoto tena, niko shambani Kwedizinga, mchana ule mimi na bibi tulipokuta kunde zake zote zimekuwa nyeupe kama karatasi. Mahindi yaliyopandwa pamoja nazo yalikuwa ya kijani vilevile, na hewa bado ilinuka dawa ya magugu aliyopiga mjomba ili kumpunguzia bibi palizi.

"Bibi, zimezeeka?" niliuliza.

"Zimekosa jua, mjukuu wangu. Mahindi yamezifunika."

Basi tukainama, tukakwanyua majani ya mahindi, kwacha, kwacha, mpaka jua likazifikia zote. Nilijiona mganga. Siku chache baadaye zilikauka kabisa.

Nilimsimulia haya muuza dawa za kilimo wa Kilole. Akaacha kufunga mzigo wake.

"Dawa ile ya magugu huondoa kinga ya ukijani wa jani," alisema. "Baada ya hapo, kinacholiunguza ni jua lenyewe."

Nikatazama mikono yangu. Bibi alifariki akiamini kwamba tulichelewa tu kuzifungulia jua.