Nilibadilisha sauti ya mdogo wangu kwa diski safi

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wamo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, naishi Mbagala na mke na watoto. Ugonjwa wangu ni filamu za zamani. Wenzangu wananunua viwanja, mimi nanunua diski. Nina kabati zima, za Kihindi, za kareti, za kutisha ambazo hata walioziigiza nadhani wamezisahau. Mke wangu alishachoka kusema.

Mdogo wangu wa kunifuata alikuwa mtafsiri. Filamu ikiwekwa kwenye banda la video, yeye anashika maiki anaisimulia kwa Kiswahili na vituko vyake, inarekodiwa, diski inauzwa mtaani. Mama yetu macho yalimfifia mapema, kwa hiyo filamu alizisikiliza tu kupitia mdomo wa mwanawe, anacheka mpaka anashika mbavu.

Mimi nilikuwa naona aibu. Niliamini mkusanyaji anayejiheshimu anataka filamu kama ilivyotengenezwa, si mtu anapayuka juu yake. Diski zote alizonipa bure nilizipeleka Kariakoo kwa muuzaji mmoja, nikabadilishana naye kwa zenye sauti safi. Nilirudi najiona mjanja. Mdogo wangu alipokuja akakuta zake hazimo kabatini, alinisaidia kufuta vumbi, akaaga.

Miaka mitatu baadaye alifariki kwa ajali ya bodaboda.

Sasa mama anaishi kwangu, haoni kabisa. Siku moja tumemaliza kula akaniambia, "Baba, niwekee mwenzio nimsikie." Anajua nina diski mamia, atawazaje kwamba za mwanawe ndizo hazimo? Nikamdanganya kwamba deki ni mbovu. Akawa anauliza kila siku kama fundi amekuja.

Nilirudi Kariakoo. Yule muuzaji siku hizi anauza makava ya simu, diski alishazitupa. Nimezunguka mabanda ya Temeke yote, wanatumia flashi, na waliomrekodi hawajulikani walipo. Nikafanya ujinga mwingine. Nilinunua diski ya mtafsiri mwingine mwenye sauti nzito kama yake, nikamwekea mama nikasema ndiye.

Mama alikaa mkekani anatabasamu. Haikufika dakika tano, tabasamu likaisha. Akasema taratibu, "Zima. Huyu simjui. Za mwanangu umezipeleka wapi?"

Badala ya kutubu pale pale, nikasema nilimwazima rafiki yangu wa Tanga, atazituma kwa basi. Tangu hapo mtu akibisha hodi tu, mama anauliza kama ni mzigo kutoka stendi ya mabasi ya Mbezi. Amemwambia mke wangu siku ukifika apike pilau, aite na majirani waje kumsikia mwanawe. Mke wangu anaujua ukweli, na siku hizi hanitazami usoni.

Jumapili mama aliamka na homa. Nilipomshika mkono akaniambia nimpigie rafiki yangu nimhimize, kwa sababu yeye hana muda mrefu. Nilitoka nje nikasimama na simu sikioni, naongea peke yangu ili asikie.

Ndugu zangu, nimechoka. Nimwambie mama kwamba nilimtoa mwanawe nikachukua filamu ambazo yeye hawezi kuziona, nimuue kwa uchungu? Au nimwache asubiri basi mpaka Mungu amchukue? Nishaurini, nifanye nini?