Nimeita Sahani ya Sukari kwa Sauti

...na hapo ndio mdomo yangu iliniponza, ngojeni niwamalizie.

Leo nimefanyia marafiki wa kanisa pikiniki, hapa kwa nyasi karibu na majani chai yangu. Wote wagonjwa wagonjwa tu.

Nimepika tangu asubuhi! Mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, bila chumvi ya mwenye presha. Nduma, yale magimbi, ya rafiki yangu Wawira, juu ako na ugonjwa wa sukari. Moto nimewasha huko mbali, kuna mwenye pumu hataki moshi.

Si nikajiona mpishi wa hoteli! Nikaanza kugawa nikiita:

"Presha, shika! Pumu, hii yako! Wawira, sukari ndio hii!"

Kumbe Wawira hajaambia watu wa kwake. Na alikuja na wifi yake!

Wifi akamgeukia. "Wawira, uko na sukari? Tangu lini?"

Nilikuwa nimemfungia Wawira nduma ingine kwa kiondo yangu, hii kikapu ya kusuka, apelekee watoto. Akaichukua, huyo akaenda bila kwaheri.

Simu hashiki. Sahani moja nimeiosha mara tatu, kukaa nimeshindwa.

Na mnajua kwetu kiondo ya mtu hairudishwi tupu. Akiirudisha tupu, basi, mimi na yeye tumemalizana.

Niambieni ukweli, wewe ungenisamehe?

Ngoja, naitwa kwa geti.

"Mama Mukami! Wewe, toka nje!"

Uui, ni Wawira! Ako na kiondo. Ameibeba na mikono mbili, inamlemea, wacha nikimbi—