Tom Iliyopashwa Moto

Juzi nilipita kanisani kwetu Merigi nikamkuta kijana akichomeka waya wa dramu za umeme. Alibonyeza kitufe, sauti ikatoka safi, tayari kwa ibada. Nilimwonea huruma, rafiki yangu. Hajui raha ya kukaza tom, zile ngoma ndogo za juu kwenye seti ya dramu.

Zetu zilikuwa mbili, zimekaa juu ya ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mwalimu wa kwaya alikuwa amenipa kiti cha dramu pamoja na ufunguo wa kukazia. Paa la kanisa lilivuja, kwa hiyo seti nzima ililala kwetu. Jumamosi, tukishatoka kuchuma chai na mvua ya alasiri ikianza, niliketi na kukaza skrubu moja, kisha ile inayoitazama upande wa pili, nikigonga polepole ukingoni mwa ngozi ya plastiki mpaka pande zote ziimbe sauti moja. Maziwa yalichemka jikoni, ukungu ukaingia mlangoni bila hodi, nami nikasahau hata kama nina njaa.

Kabla ya dramu hizo, mpigaji wa kanisa alikuwa Kogo, nyanya yangu. Ngoma yake ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, na kila Jumapili aliipasha moto kwanza ili ikaze. Sasa ilitundikwa ukutani kwetu, naye alikaa benchi la nyuma kanisani, mikono imetulia mapajani. Niliona aibu kumtazama.

Jumapili moja ya wageni niliamshwa na harufu ya plastiki. Kogo alikuwa jikoni, tom ndogo iko karibu na moto, ngozi yake imejikunja kama chapati.

"Ilikuwa na baridi," akaniambia. "Nilitaka tu kukusaidia."

Mwalimu alipofika kwetu kuchukua seti, Kogo alimwambia mwenyewe, bila kuzunguka. Nilidhani atafoka. Akatazama ile nafasi tupu ya tom ndogo, akakuna kichwa.

"Sasa Kogo, si ulete ile yako?"

Mungu wangu, asubuhi ile! Nililegeza tom iliyobaki kidogo kidogo mpaka ikaelewana na ngoma yake. Tulipiga bega kwa bega. Kila nilipofika mahali pa tom ndogo, yeye aliingia, wala hakukosea hata mara moja. Kina mama walipiga vigelegele, Kogo akacheka kama msichana.

Ngozi mpya ililetwa kutoka Bomet mjini katikati ya wiki. Jumamosi niliifunga, nikaikaza vizuri kuliko siku zote, mwalimu akanisifu mbele ya kwaya. Kesho yake Kogo alirudi benchi la nyuma. Hakupiga tena mpaka tulipomzika, na ngoma yake leo hakuna anayejua ilikokwenda. Nimekaza tom nyingi tangu hapo, na kila mara najiuliza ningepungukiwa na nini kama ningemwambia mwalimu kwamba ile ngozi mpya bado haijakaa sawa, tungoje Jumapili moja zaidi.