Namba Arobaini na Nane za Job

Kompyuta ya marehemu ndugu yangu iliniuliza swali ambalo ni yeye tu angeweza kulijibu.

Skrini ya buluu, maandishi meupe. Ilitaka namba arobaini na nane ndipo ifunguke.

Na Job tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla ya hapo.

Naitwa Javan. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Donholm, kaduka kadogo kando ya kinyozi. Job alikuwa kaka yangu mkubwa. Aliishi Ziwani, akichapia ofisi moja ya mawakili kazi zao kutoka nyumbani. Jumapili aliongoza kwaya.

Halafu koo likaanza kumsumbua. Saratani.

Daktari alimwambia operesheni itaondoka na sauti. Wakati huo mkewe, Kate, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Job hakulia. Aliazima maikrofoni ya kwaya, akajifungia chumbani wiki nzima, akamrekodia mtoto hadithi kwenye kompyuta hiyo. Thelathini na moja. Za fisi mlafi, za nyanya yetu na ng'ombe wake mkaidi, hadi ya vile alikutana na Kate kwa foleni ya maji.

Operesheni haikumwokoa. Ayuma alizaliwa, baba yake akambeba wiki tano bila kumwambia neno hata moja. Kisha akaenda.

Kate hakuwahi kuzisikiliza zile hadithi. Alisema atazifungua siku Ayuma ataanza kuelewa.

Sasa mwaka jana akanipigia.

"Shem, hii mashine inanimaliza. Nimeanza kozi ya mtandaoni, nikifungua somo inaganda. Ifanyie kitu. Lakini hadithi za Job, tafadhali."

"Tulia, shem. Hard disk, mahali hadithi zimehifadhiwa, siigusi. Nabadilisha motherboard, ile bodi kubwa ya ndani, na processor tu, zile zake ni za kitambo sana. Hadithi utazipata pale pale."

Niliongea kama daktari bingwa.

Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikang'oa bodi ya zamani. Nikaweka nyingine, nikakalisha processor mpya, nikapaka paste ya kupitisha joto, nikafunga feni. Ile bodi ya zamani nikampa jamaa wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita.

Nikawasha.

Hapo ndipo ikaniuliza namba.

Mawakili walikuwa wamemwambia Job aifunge diski kwa kufuli la siri, ndio kazi za wateja zisiibiwe. Ufunguo wa kufuli hilo hukaa ndani ya bodi. Ukibadilisha bodi, diski inadhani imeibwa, inajifunga hadi uandike zile namba za akiba ambazo mwenyewe alipewa. Fundi anafaa kuzima kufuli kwanza kabla hajagusa kitu.

Nilijua hivyo. Sikuangalia tu.

Nilikimbia hadi Muthurwa kumtafuta yule jamaa. Nikampata ameketi na nyundo.

"Bro, ile bodi iko wapi?"

Akanionyesha gunia. "Nishaivunja, boss. Si ulisema ni takataka?"

Hapo ndipo nilifaa kumpigia Kate.

Sikupiga. Mimi ndiye fundi wa familia, yule kila mtu kwetu anajivunia. Nilikaa siku mbili nikitunga maneno.

"Shem, pole sana. Nimeikuta hard disk imeungua. Ni hizi stima za kupotea na kurudi."

"Hadithi zote?"

"Zote."

"Haya. Asante kwa kujaribu."

Hiyo asante haikunipa usingizi. Nikaanza kuogopa: je, akiomba diski ampelekee fundi mwingine? Huyo ataona iko sawa kabisa.

Kwa hivyo niliifuta. Nikaandika Windows mpya juu yake, nikamwambia nimemwekea diski nyingine. Kompyuta ikawa inaenda mbio ajabu.

Miezi minne ikapita.

Alhamisi moja Kate akaingia dukani akiwa amemshika Ayuma mkono. Alikuwa ameshika pia karatasi iliyokunjwa.

"Shem, nimeipata kwa faili ya hospitali. Nilikuwa nadhani ni mambo ya bima. Lakini ona, ni mwandiko wa Job hapa juu."

Nikasoma. *Kate, kompyuta ikikataa kufunguka, andika hizi.*

Chini yake, mafungu manane ya namba. Sita, sita, sita. Sikuhitaji kuhesabu.

"Ni za nini?" akauliza.

Nikakaa. Nikamwambia yote, hadi gunia, hadi ile siku niliyofuta.

"Kwa hivyo haikuwa imeungua."

"Haikuwa."

"Siku zote hizo mbili ulizokaa nayo, hii karatasi ilikuwa kwa kabati yangu." Hakupaza sauti. "Ungeniambia tu imekataa kufunguka, Javan. Ningeitafuta."

Akamchukua mtoto, akaenda.

Niliiomba ile diski kutoka kwa kompyuta ya Kate, nikaipeleka kwa wataalamu watatu huko tao, katikati ya jiji. Wote walitikisa kichwa.

Nikaanza kuzunguka kwa wanakwaya, mmoja mmoja, nikiuliza kama kuna yeyote aliye na sauti ya Job kwa simu. Mwishowe Shiundu, yule wa besi, akapata moja kwa WhatsApp. Sekunde saba.

Nikampelekea Kate. Alinifungulia mlango, hakunikaribisha kiti. Akamwita Ayuma, akabonyeza.

*"Shiundu, niaje. Pangeni viti mapema, mimi nachelewa kidogo."*

"Huyo ni baba," Kate akasema, machozi yakimtoka.

Ayuma akaiangalia simu, akamwangalia mamake.

"Viti gani?"

Akaomba ichezwe tena.

Wasomaji wangu, mkono ukikosea, mdomo useme siku hiyo hiyo. Bodi niliyoitupa haikumnyima Ayuma babake. Ni mimi, kwa sababu nilitaka kuendelea kuitwa fundi.